Aliyeng'olesha Bustani ya Mama Kulwa Sasa Ananiita Mzazi Mwenzake

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni mama wa miaka sitini na tano, mstaafu, mjane, naishi Ngokolo, Shinyanga. Naandika nikiwa na hasira niliyodhani imekwisha.

Miaka ya tisini nilikuwa bibi shamba, nikisimamia mpango wa serikali wa usalama wa mboga mashambani. Watu walikuwa wanamiminika Bulyanhulu kuchimba dhahabu, na huku Kahama kila mwenye kabonde alilima nyanya za kuwauzia. Shida ilikuwa dawa. Watu walichukua dawa ya pamba, sumu kali ile, wakapulizia nyanya leo na kuchuma kesho. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha waache, na kuzuia mboga za namna hiyo zisifike sokoni.

Aliyenielewa kuliko wote ni Mama Kulwa, mjane kama nilivyo mimi leo. Aliacha dawa ile kabisa, akawa anaokota wadudu kwa mkono. Wakulima wengine niliwapeleka kwake wakajifunze.

Shamba lililopakana na lake lilikuwa la bosi wangu mwenyewe. Siku moja nikawakuta vibarua wake wanajaza nyanya kwenye matenga, majani bado yameloa, harufu ya dawa ya pamba inakaba koo. Nikasimama mbele ya gari lililokuja kuzibeba. Bosi akaja, akaniambia taratibu, "Bibi Shamba, wachimbaji wana matumbo ya chuma. Toka njiani." Gari likaondoka.

Wiki hiyohiyo wachimbaji walianguka kambini, wanatapika na kutokwa mapovu. Wawili walikufa. Wakubwa walipouliza nyanya zimetoka wapi, bosi aliitisha mkutano wa kijiji akamnyooshea kidole Mama Kulwa. Nilisimama nikasema nilichokiona. Akacheka, akasema nina chuki kwa sababu alininyima cheo. Mgambo wakaing'oa bustani yote, nyanya mbichi na mbivu, wakazikanyaga. Mama Kulwa hakulia. Aliniuliza tu, "Mayu, mama yangu, si ulisema nikifuata mafunzo yako nitakuwa salama?"

Mwezi haukuisha nikahamishwa, mpango akapewa mpwa wa bosi. Mama Kulwa aliitwa muuaji mpaka akahama, na sijamwona tena.

Sasa mwanangu wa mwisho amepata mchumba, binti mwenye adabu, ananisalimia kwa kupiga goti. Jumapili tulienda kwao kujitambulisha. Aliyetufungulia mlango ni yule bosi. Kazeeka, lakini kicheko ni kilekile. Baada ya chakula akanivuta pembeni.

"Mzazi mwenzangu, yaliyopita si ndwele. Tusiwaharibie watoto."

Nikamuuliza, "Na Mama Kulwa?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama Kulwa yupi?"

Ndugu zangu, angeomba msamaha, hata wa uongo, labda ningemeza. Kumbe alishamsahau hata jina. Nilichukua mkoba wangu nikatoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo mwanangu hali chakula kwangu. Jana amenipigia simu: "Mama, usipokuja harusini, usiniite tena mwanao." Hajui kitu, na binti hajui kitu. Nikisema, namvua baba nguo mbele ya mtoto asiye na kosa. Nikinyamaza, nitaketi meza moja na mtu yule, nipigwe naye picha, wajukuu zangu wamwite babu.

Nyie mnaosoma hapa, wazazi kwa vijana, nishaurini kwa moyo mmoja. Nifanye nini?