Nilikuwa Mkuria peke yangu kwenye timu ya voliboli

Wakuu, salaam kwenu. Hii ilinipata mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi.

Mimi ni Boke, wa Kehancha. Nikiwa Form Two mama alipata kazi ya kufundisha karibu na Kosele, nikahamia shule ya huko. Voliboli nilikuwa naijua, so nilichukuliwa kwa timu mara moja.

Shida ilikuwa lugha.

Wenzangu wote walikuwa Waluo. Darasani ni Kiswahili na English, lakini uwanjani mambo yakichemka kila mtu anarudi kwa lugha ya mama yake. Mpira ukija mtu anaita "Mara!", kumbe anamaanisha ni wangu. Mimi nasikia "mara", nangoja amalize: mara ngapi?

Tunagongana. Mpira chini. Wanasema kitu, wanacheka.

Tuseme ukweli, hawakuwa wabaya. Walisahau tu kwamba niko. Na kusahaulika, wakuu, afadhali utukanwe.

Wakati wa kupumzika walikaa kivulini wakipiga story. Mimi nilijifanya nafunga kamba za viatu. Nilizifunga term nzima.

Captain alikuwa Akinyi, msichana wa maneno machache. Siku moja tumegongana tena, akasimamisha mazoezi.

"Kuanzia leo, hapa ndani ni Kiswahili."

Mmoja akalalamika, "Aah Akinyi, kwani yeye hawezi kujifunza Dholuo?"

"Atajifunza. Lakini mpira haungoji."

Basi nikaanza kusikia "Wangu!", "Wako, Boke!" Mpira ukaacha kuanguka katikati yetu.

Msidhani tukawa marafiki. Lunch bado nilikula peke yangu.

Tukaenda Sori kucheza na shule ya huko. Set ya mwisho, wamebakisha point moja watushinde, serve ikanijia. Akinyi akaita, "Wako, Boke!" Nikaupokea vibaya, ukaruka nje. Game over.

Coach alikuja akiwa amewaka. "Nani ameharibu huo mpira?"

Macho yote kwangu. Nikafungua mdomo, Akinyi akanitangulia.

"Ni sisi, coach."

"Sisi nani?"

"Sisi timu."

Hakuna aliyebisha. Tukabeba mabegi.

Kwa basi nilikaa nyuma, peke yangu kama kawaida, nikageukia dirisha nikalia polepole. Si kwa sababu ya game. Tangu nihamie kule, hakuna mtu alikuwa amesema "sisi" na mimi nikiwa ndani.

Nilichojifunza: mwenzako wa timu si lazima awe rafiki yako. Akinyi hakuwahi kunitembelea, na baada ya Form Four sikumwona tena. Lakini siku ile angenyamaza tu, na hakuna mtu angemlaumu.

Kama ushawahi kuwa peke yako kwenye timu, niambie hapa ulivumilia vipi. Na kama wewe ni captain wa watoto mahali, angalia yule anayefunga viatu kila saa.