Chatu Aliyeungua Nyumbani Kwangu

Mume wangu hajawahi kuniuliza kama nasikia baridi. Nimeishi naye miaka kumi na moja hapa Bariadi, tuna watoto watatu, na kila Juni baridi ya asubuhi inapoanza kuuma hujitafutia sweta mwenyewe. Lakini chatu aliulizwa. Jioni, mume wangu akirudi kutoka kibandani kwake anakotengeneza baiskeli, kabla hata ya kunisalimia aliinama kwenye sanduku la mbao lililokuwa sebuleni, akaingiza mkono na kusema, "Umepoa leo, mayu. Ngoja nikuongezee joto." Mayu! Kwa Kisukuma hivyo ndivyo unavyomwita mama, au mwanamke unayemheshimu. Mimi nilikuwa "wewe".

Chatu hakuwa wetu. Alikuwa wa kikundi chao cha bugoyangi, ngoma ya nyoka, na kikundi kilikuwa na kibali cha kumfuga. Kila mwaka pamba ikishauzwa wanashindana na kikundi cha upande wa pili, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Manju, kiongozi wa ngoma yao, alimkabidhi mume wangu amlee kwa kuwa ana mkono mpole. Mkono mpole! Nilimtazama manju usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Jirani yangu ndiye aliyekuwa anatania. Kila asubuhi, akichota maji bombani kwetu, aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mke mwenzio ameamkaje?" Nilicheka naye. Nikirudi ndani kwenye cherehani yangu nilikanyaga pedali mpaka uzi ukakatika. Nilikuwa na wivu, sina haja ya kulipamba. Nilimwonea wivu mnyama asiye na masikio.

Siku za baridi mume wangu alimfungia taa ndani ya sanduku, ile taa kubwa ya kulelea vifaranga. Aliifunga upande mmoja tu, ili chatu akishiba joto ahamie upande wa pili. Kisha akaizungushia wavu wa chuma, akaukaza kwa nyaya mbili. Kazi hiyo ilimchukua Jumapili nzima, na mlango wa jiko langu uliokuwa umening'inia tangu Pasaka akauacha uendelee kuning'inia.

"Kwa nini wavu?" nilimuuliza.

"Nyoka hajui kuukimbia moto wa polepole," alisema. "Anapenda joto, kwa hiyo atajiviringisha kwenye taa. Ngozi inaiva, yeye katulia tu. Akija kushtuka, kashaungua."

"Ana bahati," nikasema. "Anaumia na hajui."

Hakunielewa. Alikuwa anajaribu kama wavu umekaza.

Mwezi huohuo nilikuwa naanika michembe. Viazi vitamu nimevimenya, nimevikata vipande, nimevitandaza juu ya turubai uani, na kuku wa jirani wameshajua njia. Nilimwambia mume wangu anitafutie kitu cha kufunikia. Akasema atatafuta. Siku ya nne alikuwa bado anatafuta.

Asubuhi hiyo alimtoa chatu, akaosha sanduku pale bombani, akakausha, akarudisha kila kitu mahali pake, akaenda kazini. Mimi nikatoka nikakuta kuku watatu juu ya chakula cha watoto wangu. Nikawafukuza. Nikasimama pale uani na hasira yangu, nikawaza kwamba nyumba hii ina wavu mmoja tu, na mwenye huo wavu amelala sebuleni. Nikaingia. Nikafungua kifuniko cha sanduku, nikalegeza zile nyaya mbili, nikautoa wavu. Chatu alikuwa upande wa pili, hakujisogeza. Taa ilikuwa inawaka. Nilijua inawaka. Nilijiambia nitaurudisha mchana.

Mchana uliletwa mshono wa sare za kwaya, wa haraka, nikasahau. Au sikusahau. Nimejiuliza mara nyingi na jibu linabadilika.

Saa kumi hivi nikasikia harufu ya kwato zikichomwa. Nilipofungua sanduku, chatu alikuwa ameizunguka taa kama kamba iliyozungushwa shingoni mwa mtungi. Nilizima umeme, nikajifunga kitenge mikononi, nikamwondoa. Mgongoni, kwa urefu wa shibiri mbili, magamba yalikuwa yamegeuka meupe, katikati ya kahawia, na pembeni malengelenge yenye maji. Alikuwa ananiangalia. Najua chatu hana namna nyingine ya kuangalia, ila siku hiyo niliona aibu.

Ndipo nikasikia kengele ya baiskeli ya mume wangu kule barabarani. Nilikimbia uani, nikaunyakua wavu juu ya michembe, nikauegemeza pale bombani alipooshea sanduku asubuhi. Jambo lenyewe lilichukua muda mfupi kuliko kutunga uzi kwenye sindano.

Alipoingia akamwona chatu, alipiga kelele kana kwamba mtoto kagongwa. Akakimbilia jikoni, akaja na kibuyu cha samli, akampaka mgongo mzima, kwa sababu hivyo ndivyo mama yake kule Zagayu alivyomfanyia kila mtoto aliyeungua. Manju akaitwa. Akamzunguka chatu mara mbili, akasema bila kusita, "Wenzetu hawa. Wametutupia dawa. Wameona mwaka huu hawatuwezi." Wanaume wa kikundi waliokuja naye wakaitikia kwa vichwa. Manju akanigeukia. "Mayu, hukuona mtu amepita hapa?"

"Watu wanapita," nikasema. "Bomba hili la wote."

Alfajiri mume wangu alikwenda kumchukua bwana mifugo, aliyezoea ng'ombe na mbuzi lakini hakukataa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuiosha ile samli. Alisema mafuta yanaufungia moto ndani na kukusanya uchafu. Tungemmwagia maji ya kawaida palepale, ya bombani, si ya barafu, kwa dakika nyingi. Aliusafisha mgongo kwa dawa ya kidonda aliyoizimua kwa maji, akapaka krimu nyeupe ya majeraha ya moto, akampigia simu mwenzake amuulize kipimo cha sindano ya nyoka. Maranda ya mbao yakatolewa, yakawekwa magazeti safi. Hakuna kushikwashikwa, hakuna kulishwa kwanza, hakuna beseni la kulowana.

Kisha akaitazama taa. "Hii haikuwa na wavu?"

Mume wangu alitoka nje. Nilimwona kupitia dirishani amesimama mbele ya bomba, mikono imelegea. Aliporudi alikuwa ameushika wavu.

"Niliosha jana asubuhi," alisema. "Nilidhani nimeurudisha."

Manju, aliyekuwa amerudi asubuhi hiyo, hakuzungumza tena habari za dawa ya kutupiwa. Alisema, "Akifa, wewe na ngoma basi." Mume wangu yumo katika ngoma hiyo tangu hajaota ndevu. Alikaa chini sakafuni akalia. Kwenye msiba wa mama yangu alisimama na wanaume wenzake, macho makavu. Hapo tena wivu ukanipanda, ukayasukuma chini yale maneno niliyokuwa nakaribia kuyasema.

Kwa kuwa mimi ndiye ninayeshinda nyumbani, uuguzi ukawa wangu. Asubuhi dawa, jioni dawa. Magazeti kila siku. Nilinawa mikono kabla na baada, kama mkunga. Alipojivua gamba mara ya kwanza, ngozi iligandia kwenye kidonda, na mume wangu akataka kuivuta. Nikampiga mkono. Niliilainisha kwa kitambaa kibichi siku mbili mpaka ikaachia yenyewe. Mume wangu alinitazama kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu tulipooana, nami nikaipokea, Mungu anisamehe, huku nikijua ni ya nani.

Mwaka ule walicheza na nyoka mdogo wa kuazima, wakashindwa vibaya. Lakini chatu alipona. Alijivua tena, akala, na pale palipoungua pakabaki kovu lisilong'aa. Kwenye kikao cha kikundi manju alinisimamisha, akanifunika kitenge mabegani. "Mama huyu ameokoa mnyama ambaye mwanaume alimwunguza," alisema. Wanawake wakapiga vigelegele. Niliinama nikashukuru.

Tangu hapo wanakuja kwangu. Wagoyangi wa Mwamapalala, wa Zagayu, mara moja hata kutoka Kimali, na nyoka ndani ya kiroba. Wanakaa uani na mimi nawafundisha. Weka mkono wako chini ya taa, mahali nyoka anapolala, uhesabu pumzi ishirini. Ukishindwa kuuacha, na yeye anaungua. Usimwekee jiko la mkaa wala jiwe la moto, hata kama ni siku ya mashindano na unataka achangamke. Mwachie upande wa baridi. Akiungua, maji, kisha daktari. Samli weka kwenye ugali.

Mume wangu hukaa nasi, kwenye kigoda, kwa sababu wageni ni wenzake. Kila nikifika kwenye wavu, nikisema usitolewe hata kwa saa moja, hata kwa sababu gani, anainamisha kichwa. Wanaojua kisa wanamtazama kwa huruma, wasiojua wanaambiwa kwa kunong'onezwa. Miaka sasa, hajawahi kujitetea. Namwona alivyoinama, shingo yake naiona yote, kisha naendelea na habari ya magazeti.