Batani Kwenye Kahawa ya Mama Otmari

Mtacheka, chekeni tu, maana Mbinga mjini jambo hili wanalijua wengi, na badala ya kulisikia sokoni limeongezwa chumvi, bora mlisikie kwa mwenye aibu yake, yaani mimi Gaudensi, kijana wa Ruanda, kijiji cha huku huku Mbinga, kidato cha nne na daraja lisilotajwa mbele ya wageni.

Ilikuwa miaka ile kampuni binafsi za kununua kahawa zilipoanza kuingia kwetu, kila moja na ofisi yake na kompyuta yake, na kompyuta nazo zikaanza kuugua, ndipo Mama Neema, mfanyabiashara kutoka Moshi, akafungua kiofisi cha vyumba viwili cha kuzitibu na kubandika tangazo kwamba anamhitaji kijana wa kusaidia wateja. Mimi kompyuta nilikuwa nimejifunza parokiani Jumamosi nne (ya tano umeme ulikatika), nikaandika barua kwamba nina uzoefu wa kuwasha, kuzima na kusafisha. Baba aliisoma mara mbili, akasema, "Haya mwanangu. Ukikosa, unakwenda Chiwanda ziwani, kwa mjomba wako, kuanika dagaa." Sasa mimi dagaa nawapenda wakiwa kwenye sahani tu! Ndoto yangu ilikuwa shati la mikono mirefu na watu kuniita fundi.

Siku ya usaili tulikuwa wawili, mwenzangu katoka Songea na cheti chenye muhuri. Yeye akapewa kompyuta nzima isiyowaka. Mimi nikapewa kibodi ya karani wa wanunuzi wa kahawa, imejaa vumbi la maganda mpaka batani zinakwama.

"Umeandika unajua kusafisha," Mama Neema akasema. "Safisha. Saa nane mwenyewe anaifuata."

Mwenye akili angeomba brashi. Mimi ni mtoto wa nyumba ya kahawa, kitu kichafu nakijua kwa njia moja: unakiosha, unakianika. Nikang'oa batani zote kwa mpini wa kijiko, nikaziosha kwa sabuni kwenye beseni la ofisi mpaka maji yakawa safi, nikatoka nje kutafuta jua. Uani kwa jirani, Mama Otmari alikuwa ameanika kichanjani kahawa yake ya ganda, ile iliyomenywa na kuoshwa ikabaki na ganda jeupe la ndani.

"Shikamoo mama. Naomba ungo, na nafasi kidogo hapo pembeni ya kichanja."

"Marahaba mwanangu. Unaanika meno ya nani hayo?"

"Ni herufi, mama."

"Haya, ziweke zikauke."

Nikarudi ndani kupangusa ubao wa kibodi, napiga mluzi, najiona nimeshaajiriwa. Kumbe juu huko milimani ukungu unajikusanya, mara manyunyu yakashuka na nikamsikia Mama Otmari, "Jamani kahawa! Kahawa inalowa!" Kwetu sauti hiyo haina cha mgeni wala cha usaili, hata kama unanyolewa utatoka mbio na kichwa nusu. Tulifika watu sita, kila mmoja akadaka pindo la turubai lililotandikwa chini ya kahawa, tukakunja kwa nguvu kuelekea katikati, na nguvu zangu siku hiyo zilikuwa nyingi kweli. Ule ungo nao tukaukunjia humo humo.

Manyunyu yalipopita tukafunua, nikaona ungo umepinduka. Jamani, mnazikumbuka kibodi za zamani zilikuwa na rangi gani? Rangi ya kahawa ya ganda, hasa!

Mama Otmari hakunigombeza, aliita kina mama wawili wa jirani wakakaa kuchambua kama wanavyotoa kahawa mbovu, na mimi nimepiga magoti katikati yao.

"Huyu kafungua mdomo," anasema mmoja.

"Ni C hiyo, mama, lete."

"Na huyu ana miguu mitatu."

Tukiwa hapo akatokea Mama Neema na karani mwenyewe, mzee Shomari, mtu mpole wa Tanga, na nyuma yao yule wa Songea, ambaye kompyuta yake ilishawaka.

"Fundi," akaniita yule wa Songea, "mavuno ya mwaka huu vipi?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi masikio yakawaka moto, harufu ya dagaa wa Chiwanda ikanifikia pale pale.

"Gaudensi," Mama Neema akasema polepole, "kwa nini hukuokoa batani zangu kwanza?"

Sikuwa na uongo wowote karibu. "Mama, batani zilikuwa zimeshalowa. Kahawa ilikuwa bado."

"Kajibu," akasema Mama Otmari bila kuinua kichwa.

Mzee Shomari alicheka mpaka akavua miwani. Nikauleta ule ubao wa kibodi, nikamwomba anitajie mpangilio wa herufi, akasema, "Kwa mdomo siujui, mwanangu, wanaoujua ni vidole." Basi akafumba macho, akaanza kuandika barua hewani ukingoni mwa kichanja, Ndugu Meneja, anasema kila herufi anayoigonga, na mimi naangalia kidole kinapotua, nabandika. Zile ambazo barua haikuzitaka tukazibahatisha, tukajaza kibodi yote, likabaki tundu moja.

"Imepotea Q," nikasema kwa unyonge.

"Hiyo? Miaka yote ya kuandika barua, sijaigusa hata kwa bahati mbaya."

Tukaichomeka kibodi kwenye kompyuta, ikaandika. Mzee Shomari akamgeukia Mama Neema. "Mama, sisi wengine kompyuta zinatutia aibu, tunaogopa hata kuuliza. Huyu kijana simwonei aibu."

Mama Neema akayatazama magoti yangu yaliyojaa maganda. "Jumatatu saa mbili," akasema. "Huyu wa Songea atafungua mashine. Wewe utawapokea wateja na kuwasikiliza. Na beseni langu usiliguse."

Tangu siku ile nimeapa siioshi tena batani ya mtu, na nikiing'oa hata moja nachora kwanza karatasini ilikokuwa. Lakini kahawa ya mtu ikianza kulowa, mteja atanisamehe: nitamwacha kwenye kiti, nitoke mbio.