Moyo Wangu Ukiwa Umelala Chali

Mkimbiaji asiye na kibali cha daktari ni mtazamaji tu. Kwa hiyo siku ile nilipolazwa chali katika hospitali moja hapa Mwanza, waya zimebandikwa kifuani, mikononi na miguuni, nilikuwa nimeshakasirika. Mbio nilizojiandalia mwaka mzima kwenye vilima vya Butimba zilikuwa wiki inayofuata, nami nilijiona buheri wa afya.

Mpimaji, dada mmoja mpole, aliitazama karatasi ikitoka kwenye mashine. Kisha akanionyesha. Moyo ulidunda, ukadunda, halafu ukaruka pigo zima.

"Hii siwezi kuipitisha mimi," akasema. "Ngoja mzee aje. Ila hizo mbio, dada, huenda ukazikosa."

Niliogopa. Kufa hata sikukufikiria; niliogopa kubaki nyumbani Kiseke nikisimuliwa na wenzangu walivyokimbia.

Mlango ukafunguliwa, akaingia daktari mkuu, mzee wa mvi. Sasa, kwetu Usukumani binti hamwamkii mzee akiwa amelala chali, hata awe amefungwa kamba. Kabla sijawaza nilikuwa nimeshuka kitandani na kupiga magoti sakafuni, waya zikining'inia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"We dada, utaning'olea mashine!" mpimaji akapiga kelele.

Mzee hakumjali. Alikuwa ameinamia karatasi, maana mashine ilikuwa bado inaandika. Mapigo yalifuatana vizuri, hakuna lililokosekana.

"Rudi ulale," akaniambia. Nikalala, na baada ya kitambo mapengo yakarudi. "Simama." Yakapotea. Akanitoa nje nikapanda na kushuka ngazi mbio, akanipima tena nikihema, nayo mapigo yakawa sawasawa kabisa.

Akanieleza taratibu. Ukilala, damu hurudi moyoni kwa urahisi, na moyo wa mkimbiaji hujaa sana. Pigo moja linatosha kwa kazi kubwa, basi moyo unajipumzisha. Ukisimama, damu hushuka miguuni, nao unaongeza mapigo. "Ungekuwa mgonjwa," akasema, "moyo ungezidi kusuasua kwenye ngazi."

Kwa kuhakikisha, akanilaza ubavu wa kushoto, akanipaka majimaji ya baridi kifuani, akapitisha kipimo cha ultrasaundi na kunionyesha moyo wenyewe kwenye skrini. Nikauona! Ulikuwa mpana, unafunguka na kujifunga bila haraka. Aliponiketisha na kunipima tena, ukaonekana umepungua. Sikujua kwamba kuketi tu ni jambo kubwa namna hiyo humo ndani. Miaka yote nimejisifia miguu, watu wameisifia miguu, na huyu moyo hajawahi hata kutajwa. Machozi yakanitoka, wala sikuona aibu.

Mzee akasaini kibali. "Haya, nenda kakimbie."

Nikamwomba anilaze tena kidogo. Nilitaka kuutazama ukipumzika.