Kwenu Wapi?

Asubuhi ile nilikuwa nakaanga mihogo uani kwetu Kindu, na mume wangu Salum anatafuta kiatu cha kushoto. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na hodari wa kupoteza vitu. Binti yetu Zuwena, wa miaka saba, alikuwa akirudiarudia wimbo wa taifa. Vita vya kwanza vya Kongo vilikuwa vimekwisha, na serikali mpya ilikuwa imebadili shule: wimbo mwingine, bendera nyingine, na somo la uzalendo kila asubuhi. Salum alilalamika kuwa nyimbo zinakula saa za hesabu. Mimi nilifurahi. Shule imefunguliwa, nitake nini tena?

Siku hiyo mkaguzi wa serikali aliingia darasani kwa Zuwena akamuuliza kila mtoto, "Kwenu wapi?" Wenzake wakataja vijiji vyao. Zuwena akajibu, "Nizwa."

Hilo ni kosa la watu kama sisi tu, wenye asili ya Uarabuni. Babu yake alizaliwa Kindu, na Nizwa ya Oman hajaiona hata siku moja, lakini kila sikukuu alisema "kwetu Nizwa", nasi tukaitikia.

"Nizwa ni mkoa gani?" mkaguzi akauliza.

"Ni kwa babu. Kuna tende."

Darasa zima likacheka, isipokuwa mkaguzi. Jioni Salum alinihadithia, tukacheka na sisi, lakini si sana.

Vita vya pili vilipoanza, redio ikasema wageni watazamwe.

Wakaja askari wawili. Wakamuuliza Salum kwao wapi.

"Hapa hapa. Nimezaliwa hapa."

"Mtoto wako alisema vingine."

Akavaa viatu. Siku hiyo alivipata vyote viwili mara moja.

"Zuwena asome," akaniambia. "Popote mtakapofika."

Hakurudi.

Tulivuka ziwa, tukapitia Kigoma, na mwishowe jamaa wa babu wakatupokea Nizwa. Nilimwambia Zuwena mara nyingi kwamba si neno lake lililomchukua baba, ni wale watu. Hakunisadiki. Akiulizwa kwao, alikuwa bubu.

Siku yake ya kwanza shuleni nilisimama mlangoni. Mwalimu akamuuliza kwa Kiarabu, "Inti min wen, habibti?" Zuwena akageuka kunitazama. Mwalimu, ambaye wazee wake walitoka Unguja, akarudia kwa Kiswahili, "Kwenu wapi, mwanangu?" Niliogopa kama siku ile ya askari.

"Kindu, abla."

"Kuna nini huko?"

"Kuna mto. Na baba yangu."

Abla, ndivyo waitwavyo walimu wa kike huko, akamshika mkono. Akamkalisha mbele, karibu naye. Mimi nililia njia nzima mpaka nyumbani.

Salum sikumzika, na hilo haliponi. Ila Zuwena leo ni mwalimu wa hesabu Bahla, mji jirani na Nizwa. Kila asubuhi huzunguka nyumba nzima akitafuta funguo za gari, na huku kachelewa. Mara nyingi mimi nimeshaziona. Namwacha atafute kidogo.