Kofia ya Moteri ya Zaina

Nakumbuka siku moja, na hadi leo, nikisikia mashine ya kusaga ikianza kunguruma, namtafuta kwanza dada yangu kwa macho. Nikiona ni mzima, ndipo narudi kwenye chai yangu. Siku hiyo nilikaribia kumuua, mwanangu, nikiwa na diplome kabatini na rangi ya kijani kwenye vidole.

Usishtuke. Zaina yuko hai, amenenepa, na akisomewa maneno haya atasema nimejipunguzia makosa. Nayaandika kwa sababu wiki hii nimewaona vijana wa hapa Goma wakinunua moteri kuukuu za umeme, wanazisugua, wanazipaka rangi mpaka zinang'aa kama sahani za harusi, halafu wanaulizana ni za kazi gani. Mimi niliwatangulia katika upumbavu huo. Acheni niwaonyeshe njia ya kutokea.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, upande wa umeme. Shuleni tulikuwa na moteri moja tu, na mwalimu aliifungia kabatini akiogopa tutaiharibu. Kwa hiyo nilisoma moteri kama mtoto wa Goma anavyosoma habari za bahari: nilijua kuichora, kuigusa hapana. Tena nilikuwa mtu wa nyumbani tangu kuzaliwa. Wenzangu walikwenda Butembo na Kisangani kutafuta maisha. Mimi, kufika Kituku, hapo ufukoni mwa ziwa, kununua samaki ilikuwa safari ya kuagwa mlangoni. Lakini nilikuwa na ile karatasi, na mama alimwonyesha kila mgeni kabla hajamkaribisha kiti.

Zaina alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, hapo hapo kwenye uwanja wetu. Moteri yake ikaungua. Majirani wakaanza kubeba mahindi yao mbali, na dada yangu, mwenye mtoto mchanga mgongoni, akawa anakaa mbele ya mashine iliyonyamaza kama mtu aliyefiwa. Mume wake, shemeji Saidi, alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya kaskazini. Asubuhi moja akarudi na moteri nyuma ya magunia ya kabichi. Aliipata kwenye shamba la zamani la kahawa, mbele ya Kalengera, ambako warithi walikuwa wanauza vyuma. Akaishusha, akaniambia, "Shemeji, weye njo fundi, angalia," akaingia ndani kulala. Alikuwa ameendesha siku mbili.

Ile moteri haikuwa na jina. Mahali pa plake, kile kibati cha jina, palibaki vitundu vinne vya skrubu, basi. Mwili wote ulikuwa na michirizi ya kutu na ukungu mkavu wa kijani. Na kisogoni, juu ya feni yake, ilivaa bati la mviringo lililosimama kwa miguu mitatu mifupi. Kofia kabisa.

Mimi nilifanya nini? Niling'oa kofia kwanza, maana iliifanya ionekane kama muzee aliyesahau kuivua akiingia nyumbani. Zaina akaigeuza, akaijaza maji, kuku wakanywa. Halafu nikachukua petroli na brashi ya waya, nikasugua mpaka chuma kikacheka, nikapaka rangi ya kijani.

Zaina akauliza, "Sasa iko ya kazi gani?"

"Ya kukoboa kahawa. Shamba la kahawa, moteri ya kahawa. Kukoboa na kusaga ni kazi ya ndugu wawili."

"Umejuaka je?"

"Uzito wake."

Nasema kweli, hivyo ndivyo nilivyojibu. Nikaipiga kofi kama mtu anayenunua ng'ombe. Saidi, aliyeifungua bolti kwa mikono yake, alikuwa anakoroma ukuta wa pili. Sikuona sababu ya kumwamsha. Dereva angeniambia nini mimi?

Puli ya moteri ya zamani, lile gurudumu la kuvuta mkanda, iliingia kwenye mhimili kama kiatu cha mwenyewe, nikaona hiyo ni ishara. Kabla ya kuvisha mkanda nikaiwasha peke yake nijaribu. Ikaanza kwa mlio mwembamba, wa juu, wenye kukwaruza meno.

Zaina akasema, "Ile ingine haikulia hivi. Hii inapiga filimbi."

"Ni nguvu hiyo."

Nikaizima, nikachukua mkanda. Zaina alikuwa tayari amesimama mbele ya mashine na ndoo ya mahindi, mtoto mgongoni, uso wake umefunguka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima. Nilivisha mkanda kwenye puli ya kwanza. Nikawa nauvuta kwenda kwenye ya pili.

"Nani anapiga filimbi katika nyumba ya watu wazima?"

Alikuwa Muzee Amisi, akitoka msikitini. Kazi yake ilikuwa kusuka upya nyaya za moteri zilizoungua. Mtaa mzima ulimjua kwa vidole vyake vyeusi na kwa mdomo wake usiomhurumia mtu. Akaingia bila kungoja kukaribishwa. Akatazama ile rangi ya kijani kwa muda mrefu.

"Imependeza. Inaolewa lini?"

Zaina akacheka. Mimi sikucheka.

"Uchafu wake uko wapi?"

"Nimeosha, muzee."

"Umeosha. Moteri haina plake, uchafu njo ulibakia kitambulisho chake, na weye umekiosha. Haya, niambie. Kutu yake ilikuwa imeteremka je? Ilizunguka tumbo, ao ilitoka kichwani ikashuka mpaka miguuni?"

Nikafumba macho. Michirizi ile niliisugua asubuhi nzima, niliijua kama nywele zangu. "Ilitoka kichwani, muzee. Kwa urefu."

"Basi maji yalikuwa yanaiteremkia ikiwa imesimama. Hii haikulala hata siku moja. Ilikuwaka na kofia?"

Hapo, mwanangu, nilitazama kuku. Zaina naye akatazama kuku. Jogoo alikuwa ameingiza mguu ndani kabisa.

Muzee Amisi akainama kwenye moteri. Akatoa nyaya kwenye moteri, akafunga kipimo chake cha sindano kwenye ncha mbili, akaniambia nizungushe mhimili kwa mkono, polepole, mzunguko mmoja tu. Sindano ikaenda, ikarudi. Mara moja.

"Rudia."

Ikaenda, ikarudi. Mara moja.

"Ile yenu iliyoungua niliisuka mimi mwaka jana. Ile sindano yake inaenda na kurudi mara mbili. Hii mara moja; sindano ikienda mara chache, mbio ni nyingi, maana yake mbio zake ni mara mbili za ile. Na umeivika puli ile ile."

Akamgeukia Zaina, na sauti yake ikabadilika. "Mama, ondoka hapo mbele."

Zaina akasogea. Muzee akagonga kwa kifundo cha kidole kifuniko cha mashine, bati jembamba lililokwisha kuchomelewa viraka viwili. "Ndani humu iko nyundo za chuma. Zizungushe mara mbili ya mbio zake, zinakatika. Na zikikatika hazitatafuta fundi. Zitatafuta aliyesimama na ndoo."

Nilikaa chini, juu ya kopo la rangi, na lilikuwa wazi. Hiyo sehemu Zaina haisahau kabisa.

Tukamwamsha Saidi. Akatoka akijikuna kifua, tukamwuliza aliifungua wapi.

"Mtoni," akasema. "Chini kule, si kwenye nyumba ya mashine. Ilikuwa imesimama juu ya bomba, na kofia yake ya kukinga mvua, inanyeshewa. Ilikuwa inapandisha maji ya kuosha kahawa." Akatutazama mmoja mmoja. "Kwani kofia iko wapi?"

Mpaka leo sijui kama nilitaka kulia ama kucheka. Nilimtazama Zaina akimshusha mtoto mgongoni na kumkumbatia, nikahisi kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake yote, na watu wake ndani. Petroli, rangi, nusu siku ya kusugua, vyote vya nini? Jibu lilikuwa limelala chumba cha pili.

Muzee Amisi alimjua mkulima mmoja wa Lac Vert aliyehangaika kupandishia mboga zake maji, naye alikuwa na moteri ya kusagia isiyo na kazi. Wakabadilishana. Moteri yetu ikaenda kusimama tena juu ya bomba, imevaa rangi ya kijani na kofia yake. Zaina alinidai bakuli jipya la kunyweshea kuku, nikalitoa. Na siku mashine ilipowashwa alinikabidhi ndoo: "Leo utatia mahindi weye, Injinia." Nilitia. Nilijikunja kama mtu anayengoja mawe, na mashine ikasaga kwa sauti yake nene ya zamani, unga ukashuka mweupe, majirani wakarudi.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kitu kisichokuwa na jina usikimbilie kukipa jina. Kitazame kwanza na uchafu wake: kilichakaa upande gani, maji yalipita wapi, kinavaa nini kisichokuwa na kazi machoni mwako. Usitupe hicho usichokielewa. Na kabla hujaonyesha diplome yako, muulize aliyekifungua na kukibeba, hata kama analala, hata kama hakusoma. Halafu pima, rudia kupima, na usimweke mtu wako mbele ya kitu unachokikisia tu.

Mungu akupe mikono yenye subira. Mkanda ukiwa bado haujaingia kwenye puli ya pili, akupitishie mlangoni muzee mwenye mdomo mkali. Na wote unaowapenda jioni wawe mezani, wazima, wakikucheka.