Meno Aliyopewa na Mungu

Mume wangu ni fundi wa meno. Si daktari, watu huchanganya, naye huwasahihisha kila mara, hata msibani. Daktari hung'oa, yeye hutengeneza ya kurudishia. Karakana yake ni chumba cha nyuma cha nyumba yetu, chenye sinki moja, meza ndefu, jiko dogo la kuyeyushia nta, na rafu kutoka sakafuni hadi darini. Kwenye rafu hizo zimepangwa sanamu za plasta za vinywa vya watu, juu na chini, kila moja imeandikwa namba na tarehe kwa penseli. Hatupi hata moja. Husema mteja akivunja meno yake baada ya miaka mitano, kinywa chake bado kiko pale kinamsubiri. Mimi ndiye niliyekuwa nikizifuta vumbi kila wiki, na miaka yote ile niliona kama watu wananicheka.

Ni mpole mpaka anakera. Hana chama. Hajui kusema uongo, na hilo silisemi kwa kumsifu, maana limenitia aibu mara nyingi. Siku ya kwanza nilipompeleka kwetu, mama yangu alimuuliza kama chakula ni kitamu, akajibu kwa adabu zote kwamba chumvi imezidi. Nilitamani ardhi ipasuke. Hasira anayo moja tu: usiidharau kazi yake.

Kila Jumapili tulikuwa tukila na watu wawili. Mmoja ni kaka yangu, ambaye kila mtu anamwita Katibu kwa sababu ni katibu wa tawi la chama kinachotawala. Wa pili ni wifi yangu, dada wa mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, mpinzani kuanzia utosini hadi kwenye ukucha. Walitupiana maneno mezani kwangu miaka nenda miaka rudi, kisha wakapakuliana wali. Nilizoea. Nilidhani siasa ni kelele za mchana tu, watu wakishiba zinakwisha.

Mwaka ule ilisambaa rekodi ya simu. Maji ya bomba yalikuwa yamewaletea watu ugonjwa mitaa mitatu, wengine wakafa, na kumbe ripoti ya wapimaji ilikuwepo tangu mwanzo. Kwenye rekodi sauti ya mwanamume inasema: "Ripoti ya maji isisomwe mpaka uchaguzi upite. Sisi ndio serikali." Kila ilipofika kwenye s, sauti ile ilipiga mluzi mwembamba. Watoto mtaani waliigiza. Wapinzani wakasema ni Waziri wa Maji. Tume ya uchunguzi ikaundwa, Waziri akaitwa, akala kiapo mbele ya kamera zote.

Tulimtazama tukiwa mezani. "Sauti hiyo si yangu," alisema. "Mimi sipigi mluzi, mnanisikia. Sijawahi kuvaa meno ya bandia. Meno haya alinipa Mungu, nimezaliwa nayo."

"Amezaliwa na meno?" wifi akasema. "Basi mama yake alipata taabu kumnyonyesha."

Hata Katibu alicheka, kisha akajikumbuka. "Ameapa, dada yangu. Mtu mzima ameshika kitabu kitakatifu, unataka nini tena?"

"Nataka asidanganye."

"Mbona mkubwa wenu mwaka juzi aliapa hana nyumba nje ya nchi, zikaonekana tatu? Ulimtetea hapa hapa, kwenye kiti hicho hicho."

"Ile ilikuwa tofauti."

"Tofauti gani?"

"Nyumba haikuua mtu."

"Na hii rekodi imetengenezwa. Waziri gani anapiga mluzi? Labda wamerekodi filimbi."

Hapo mume wangu aliweka kijiko chini. Nilimwona shingo imemsimama, nikajua kuna jambo limemkera, ila sikujua ni lipi. "Mungu hakuyapaka rangi mara nne," akasema. "Yale ni ya kwangu. Manne ya mbele, juu. Moja nililipindisha kidogo makusudi ili yaonekane ya asili. Na mluzi ule ni wa meno ya muda, niliyatengeneza haraka haraka baada ya ajali yake ya gari. Aliyavaa siku tisa, na tarehe ya rekodi imo ndani ya hizo siku tisa. Ya kudumu hayapigi mluzi. Fundi akitoa kazi ya kudumu inayopiga mluzi, afunge karakana."

Akaendelea kula. Maskini, alifikiri amesahihisha kosa la kiufundi.

Katibu ndiye aliyeuliza, taratibu sana. "Shemeji, sanamu yake unayo?"

"Ninazo zote."

Katibu akafuta mikono, akasema amekumbuka mkutano. Hakusubiri chai. Wifi naye alikuwa ameshatia mkoba begani, macho yanamng'aa, na mimi nikabaki na sufuria mkononi. Mume wangu aliomba kuongezewa mboga.

Wifi aliniapia baadaye kwamba alimwambia mtu mmoja tu. Mtu mmoja wa wifi ana simu, na simu ina makundi. Jumatano gazeti liliandika kuna "fundi" anayejua mengi. Alhamisi Daktari aliyemtibu Waziri, ambaye ndiye aliyekuwa akimletea mume wangu kazi tangu hatujaoana, alituma ujumbe kwamba kliniki imefungwa kwa ukarabati. Nilipita pale. Hapakuwa na mfuko mmoja wa saruji wala fundi rangi. Pazia zilikuwa zimeteremshwa na kibao kimeng'olewa, zimebaki tundu za misumari.

Kisha wakaanza kuja wateja nisiowaelewa. Mmoja alisimama getini akasema anataka meno. Nikamuuliza yapi, akafungua mdomo. Alikuwa nayo thelathini na mawili, yote mazima, meupe kuliko ya kwetu rafuni. Akatabasamu, akaniuliza wasichana wangu wawili wanasoma shule ipi, maana naye anatafuta shule nzuri ya kuwapeleka wanawe. Nikajitia hamnazo. Alipoondoka, nikakaa kwenye ngazi.

Ijumaa mchana Katibu akaja peke yake. Mume wangu alikuwa ametoka kununua plasta. Kaka yangu hakuketi. Alisimama mlangoni pa jiko akitazama viatu vya wasichana vilivyopangwa ukutani.

"Wamekua hawa," akasema. "Dada, mimi sikutishi."

"Nani kasema unanitisha?"

"Nasema tu. Kitu kile kikiwepo, mumeo ni shahidi. Kisipokuwepo, ni fundi aliyeropoka mezani. Mtu aliyeropoka hana ugomvi na mtu."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma." Akanyoosha kiatu kimoja kwa ncha ya mguu. "Wanajua mimi ni kaka yako. Wananiita kila siku kuniuliza kama nimeshakuja."

Alipoondoka niliingia karakana. Sikukaa kufikiri, na nisingependa mtu anisifu wala anihurumie kwa hilo. Niliitafuta sanamu ya Waziri kwa tarehe. Ilikuwa rafu ya tatu, kinywa kipana chenye pengo la meno manne mbele. Niliifunga kwa kitambaa cha jikoni, nikaitwanga kwa nyundo ya mbao, kisha nikavitupa vipande na kitambaa chake kwenye pipa la taka chini ya maganda ya viazi. Nilinawa mara tatu. Plasta ina tabia ya kubaki kwenye mikunjo ya vidole.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja rafuni, sijui alihisi nini. Aliliona pengo. Kisha akaitazama mikono yangu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, hakuuliza hata moja. Alisogeza sanamu za kushoto na za kulia zikakaribiana, mpaka pengo likapotea, akaanza kukoroga plasta yake.

Nikadhani tumepona. Wiki iliyofuata tume ikamwita.

"Sema ulikuwa unatania," nilimwambia asubuhi ile nikimfunga vifungo vya shati. "Sema ulichanganya wateja."

"Wataniapisha."

"Wenzako wanaapa kila siku na wanakula wakashiba."

"Mimi sijui kufanya vile," akasema, kama mtu anayekiri kwamba hajui kuogelea.

Alikwenda, akaapa, akasema yote: ajali, siku tisa, rangi mara nne, jino lililopindishwa. Wakamuuliza ushahidi uko wapi. Akasema alikuwa na sanamu, sasa hana. Imekwenda wapi? Hajui. Hapo peke yake ndipo alipoitazama mikono yake kabla ya kujibu, na kamera ikamganda usoni. Wala hakudanganya, maana kwa kweli sikuwahi kumwambia. Akaitwa Daktari, akaapa kwamba hajawahi kumtibu Waziri hata siku moja. Faili hakuna. Baada ya siku kumi, Waziri alikuwa bado waziri, na mume wangu akashtakiwa kwa kutoa ushahidi wa uongo chini ya kiapo.

Kati ya watu wote walioapa mwaka ule, ni yeye peke yake aliyefikishwa mahakamani. Watu wa chama cha kaka yangu walisema amenunuliwa na wapinzani. Watu wa wifi walisema ameiuza sanamu kwa Waziri. Wifi mwenyewe, aliyelala kitanda kimoja naye utotoni, alinipigia simu akauliza, "Alipewa nini mpaka ikapotea?" Nilikata simu. Ningemjibu nini? Mtu aliyemwaga mtama ni yeye, na aliyeuzoa akautupa ni mimi.

Wakili wetu alikuwa kijana mwenye bidii. Alisema kesi inasimama juu ya mguu mmoja: mke akithibitisha kwamba sanamu ilikuwepo, hakimu atapata shaka, na mume wako atatoka. Nikakubali. Naapa nilikubali kwa moyo mweupe. Nilikuwa nimeamua kusema hata kwamba aliyeivunja ni mimi.

Asubuhi ya siku yenyewe Katibu alinikuta kwenye ngazi za mahakama. Alikuwa amekonda. "Ukisema uliiona, watakuuliza iko wapi," akasema. "Kuharibu ushahidi ni miaka saba. Na yeye hawatamwachia siku hiyo hiyo, watakata rufaa. Mtakuwa ndani wote wawili. Wasichana watalala kwa nani?" Nikangoja aseme "kwangu". Hakusema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na hilo ndilo lililonitia baridi, kwa sababu nilielewa kwamba yeye mwenyewe hajui kesho yake.

Chumba cha mahakama kilikuwa kimejaa. Upande wa kushoto walikaa wa chama, upande wa kulia wapinzani, wamegawana viti bila kuambiwa. Mume wangu alikuwa kizimbani kwa shati nililolipiga pasi. Nilipopita alinitikisia kichwa kidogo. Nikaapishwa. Mkono wangu ulikuwa mkavu, na hata leo jambo hilo linanishangaza.

"Mama," wakili wetu akaanza, "wewe ndiye unayefuta vumbi rafu za karakana?"

"Ndiyo."

"Uliwahi kuiona sanamu yenye pengo la meno manne ya mbele, yenye tarehe aliyoitaja mume wako?"

Nikawatazama wasichana wangu, wamekaa na sare za shule mstari wa nyuma. Nyuma yao alikuwa amekaa yule mteja wa meno thelathini na mawili. Hakufanya kitu. Alikuwa amekaa tu.

"Hapana," nikasema. "Sijawahi."

Wakili alisimama mdomo wazi. Watu wa kushoto walinong'ona kwa furaha, wa kulia wakaguna. Kisha kijana wa watu akapata hasira, na sikumlaumu. Akavuta karatasi. "Mama, kumbuka umeapa. Mzoa taka wa mtaa wenu ameniambia Ijumaa ile alikuta vipande vya plasta kwenye pipa lenu, vimefungwa kwa kitambaa cha jikoni. Nani alivitupa?"

Nilimwona wakili wa serikali akiinua kichwa na kuchukua kalamu. Nikaona yote yanayokuja, swali la pili na la tatu, na mimi nikiongezeka kwenye hesabu ya washtakiwa.

"Mwache," mume wangu akasema.

Hakimu akamwambia akae. Hakukaa. Akasema anaomba kubadilisha maelezo yake. Hakimu akamuuliza kama anaelewa anachofanya, akasema anaelewa, na wakamwapisha upya. Aliinua mkono polepole. Nilitaka kupiga kelele, na kwa kweli sikupiga.

"Nilidanganya," akasema. "Hakukuwa na sanamu. Ile plasta ni takataka zangu za kazi. Meno ya Waziri sikuyatengeneza mimi."

Nimeishi naye miaka kumi na tisa, na ulikuwa uongo wake wa kwanza. Aliusema vibaya mno, akitazama viatu vyake, sauti inapanda na kushuka mahali pasipostahili. Mtoto wa miaka minne angemshinda. Pande zote mbili zilimwamini papo hapo.